Wachumi wa uhamaji: wajue wanaopiga hesabu ya kwenda majuu

Wadau, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: hivi kwenda majuu kunalipa kweli au ni hadithi tu? Mwingine tayari kaambiwa na wakala alete milioni kadhaa, na nyumbani wanajadili kuuza kiwanja. Sasa kabla kiwanja hakijauzwa, mjue kwamba kuna wachumi ambao kazi yao ni kupiga hesabu hiyo hiyo. Hawa ndio ninaoona kila kijana anapaswa kuwafahamu. Na msidhani mambo yote yametoka Ulaya na Marekani, tafiti mbili kubwa zimetoka hapa hapa kwetu.

1. RAVENSTEIN
E. G. Ravenstein alizaliwa Ujerumani akahamia Uingereza. Mwaka 1885 alichapisha makala kuhusu "sheria" za uhamaji, akitumia takwimu za sensa. Aliona kwamba wengi huhama mwendo mfupi tu, na kinachowasukuma zaidi ni kutafuta maisha bora. Jamaa huyu huyu aliwahi kuchora ramani za Afrika Mashariki.

2. HARRIS NA TODARO
John Harris na Michael Todaro walikuwa Wamarekani, lakini walifanya kazi Nairobi miaka ya 1960. Walijiuliza: mbona watu wanazidi kumiminika mjini wakati mjini kwenyewe wasio na kazi wamejaa? Jibu lao, lililochapishwa 1970, ni kwamba mtu haangalii mshahara peke yake. Anaangalia mshahara pamoja na uwezekano wa kuupata.

Mfano wangu mwenyewe: shamba linakupa laki moja kwa mwezi, mjini kuna kazi ya laki tatu. Kama nafasi ya kuipata ni 1 kati ya 2, safari yako ina thamani ya laki na nusu. Haya, nenda. Kama ni 1 kati ya 4, ni elfu 75 tu. Bora ubaki.

Kenya waliliona hilo kwa macho. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza ajira ili kupunguza wasio na kazi. Kilichotokea, watu wengine wakasikia kuna kazi mjini, wakaja kuzitafuta!

3. ODED STARK
Mwaka 1985, yeye na David Bloom walisema anayehama si mtu mmoja, ni familia. Mtoto mmoja anatumwa mbali ili mvua ikigoma, awepo wa kutuma hela. Mwaka huo huo, yeye na Robert Lucas (si yule wa Nobel) walionyesha kuwa Botswana, wakati wa ukame, familia zilizokuwa na ng'ombe wengi wa kupoteza zilitumiwa zaidi.

4. CARD NA BORJAS
Hapa ndipo penye ugomvi. Mwaka 1980 Wacuba kama 125,000 waliondoka bandari ya Mariel kwa mashua, na karibu nusu yao wakabaki Miami. David Card, Mkanada aliyepata Nobel 2021, alipima mwaka 1990 akaona mishahara ya wenyeji haikuguswa. George Borjas wa Harvard, mwenyewe mzaliwa wa Havana, alirudia hesabu hiyo 2017 akasema wanaume wasiomaliza sekondari waliumia sana. Giovanni Peri na wengine wakamjibu kuwa watu aliowapima ni wachache mno. Mpaka leo hawajaelewana. Ukisikia mwanasiasa anadai "wachumi wote wanasema" kuhusu wahamiaji, huyo anakudanganya.

5. TONGA
David McKenzie wa Benki ya Dunia na wenzake waliwafuatilia watu wa visiwa vya Tonga wanaoingia New Zealand kwa bahati nasibu. Walilinganisha walioshinda na walioshindwa, na mapato ya waliokwenda yalipanda kwa 263%.

6. KAGERA
Hii ndiyo niipendayo. Kaya za Kagera zilihojiwa 1991 hadi 1994, halafu mwaka 2004 Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon wakawafuatilia wanakaya popote walipokwenda: Mwanza, Dar, hata Uganda. Waliohama nje ya jamii zao, ukuaji wa matumizi yao uliwazidi wenzao wa kaya ile ile waliobaki kwa pointi 36 za asilimia.

7. TAASISI
Benki ya Dunia imekuwa kinara wa takwimu za hela zinazotumwa nyumbani, kazi aliyoiongoza Dilip Ratha. Kwa 2023 walikadiria dola bilioni 656 kwenda nchi za kipato cha chini na cha kati. Kutuma Afrika kusini mwa Sahara kulikuwa ghali kuliko kote, karibu 8% ya hela, wakati Umoja wa Mataifa unataka ishuke chini ya 3% ifikapo 2030. London kuna CReAM, kituo alichoanzisha Christian Dustmann mwaka 2004.

Sasa wadau, angalieni kitu kimoja. Wale wa Tonga walikwenda na viza halali. Wale wa Kagera wengi hawakuvuka hata mpaka. 263% si ahadi kwa anayezamia melini wala kwa aliyekopa ili amlipe wakala. Huyo hesabu yake ni ya Todaro: mshahara mara uwezekano, kisha toa deni. Wakala atakutajia mshahara tu. Mwulize uwezekano, kati ya kumi aliowapeleka wangapi wamepata kazi hiyo? Akibabaika, kiwanja msikiuze.

Kuhama kunalipa, sikatai. Lakini Mwanza nayo ni safari.

Mnasemaje? Walio ughaibuni nao watupe hesabu zao.