Jina la Safari (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Mjomba ameteremka kutoka Mgeta usiku wa kuamkia siku ya makabidhiano ya shule ya Wasauzi pale Mazimbu. Wazee wa ukoo wamekusanyika nyumbani kwetu Changarawe, Mzumbe. Mbele ya mkwewe, Baba, tunayemjua kwa jina la Duma, anaulizwa swali ambalo hajawahi kuulizwa tangu aingie katika familia hii: "Shemeji, jina lako hasa ni nani?" SASA ENDELEA...

Baba hakujibu upesi. Aliokota kipande cha mninga kilichokuwa karibu na mguu wake, akapitisha kidole gumba ukingoni, vile anavyofanya akitafuta mahali randa iliporuka. Moto ulikuwa unafuka moshi. Julai kwetu ni mwezi wa kujikunyata; ukungu ukishashuka kutoka Uluguru hauombi hodi, unaingia mpaka chini ya blanketi.

"Shemeji, nimekuuliza."

"Nimesikia, shemeji."

"Duma ni mnyama wa mbugani. Mimi nimezaliwa kanisani, sijawahi kuona padri akimbatiza mtu Duma."

Mzee mmoja alicheka, kisha akaona hakuna anayemsindikiza, akakohoa. Mama alikuwa amempakata mdogo wetu wa mwisho. Mimi na ndugu yangu Themba tulikuwa nyuma ya pazia tukijifanya tumelala, na nina hakika Bibi alijua hatujalala, maana aligeuza kigoda chake ili asituzibe.

"Jina yangu ni Nceba," Baba alisema.

Miaka yote hiyo alikuwa amesema "jina yangu" na "watu yangu", na hakuna aliyekuwa na haja tena ya kumsahihisha. Lakini lile jina lenyewe lilitusimamisha. Mwanzoni mwake palikuwa na mlio wa ulimi kubanduka nyuma ya meno, kama mtu anayemsikitikia mtoto. Themba alijaribu kuuigiza kule nyuma ya pazia, nikamfinya. Baba akaongeza na jina la ukoo wao. Hilo sitaliandika hapa, wenyewe wapo.

"Na Duma ni nani?"

"Duma ni mimi. Ni jina ya safari."

Akaeleza, na mimi ndiyo nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Alitoka New Brighton, Port Elizabeth, mwaka 1977, kijana wa miaka ishirini, mwaka mmoja baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi tarehe 16 Juni na moto ule kusambaa nchi nzima. Alipitia Swaziland, akavuka Msumbiji, akafika Tanzania na suruali moja. Waliovuka walipewa majina mapya, na amri ilikuwa moja: usimuulize mwenzako la zamani, naye asikuulize. Polisi wa kule walikuwa na masikio mpaka uhamishoni. Jina la kweli likivuja, mama yako ndiye anayegongewa mlango saa nane za usiku.

"Kwa hiyo wapwa zangu," Mjomba alisema polepole, "nimewaandikisha shule kwa jina la mtu asiyekuwepo."

"Nilikuwa najua," Mama alisema.

Wote wakamgeukia.

"Nilikuwa najua si jina lake. Alipougua malaria mwaka ule wa mafuriko alikuwa anaweweseka, anajiita. Sikuuliza. Kama mtu amekula makande yangu miaka yote hii, jina lake litanisaidia nini?"

Hapo inabidi niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu bila makande hamtamwelewa Baba.

Serikali ya Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, shamba la zamani la katani pale Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ili vijana waliokuwa wanamiminika baada ya 1976 wapate pa kusoma. Shule ilianza 1978. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili, makaburu walimnyonga kijana wao Solomon Mahlangu, na shule ikachukua jina lake. Baba na wenzake walifyeka mikatani, wakainua kuta. Baadaye akapelekwa karakana ya samani, nako ndiko alikogundua kwamba mikono yake ina akili kuliko kichwa chake, kama alivyopenda kusema.

Mama alikuwa anapeleka kabichi na njegere za Mgeta kuuza. Siku moja alibeba na chakula chake cha mchana, akakaa kivulini, akafunua bakuli. Kijana mmoja mrefu akasimama mbele yake akikodolea makande. Hakusema kitu. Mama akadhani ni njaa, akamgawia. Yule kijana alikula kijiko cha kwanza, akaweka bakuli chini, akaenda nyuma ya mti. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kwao mahindi ya kukobolewa na maharage, yamepikwa mpaka yakalegea, ndicho chakula cha mama yake cha Jumapili. Alikuwa amevuka nchi tatu akiamini hatakiona tena.

Bibi alimpima kwa jembe. Alimpa kipande cha mteremko alime. Mtoto wa mjini huyo, hajawahi kushika mpini, alichimba mashimo ya mahindi kwa kuvuta kamba na vigingi, mistari imenyooka kama daftari la hesabu. Majirani walikuja kuangalia. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, na siku ile ile akasema apewe maji ya kunawa ndani, si nje. Ukoo ukamgawia Mama kiwanja Changarawe, maana kwetu Waluguru ardhi inapita kwa wanawake, na Baba akajenga nyumba ambayo mpaka leo milango yake hailii. Walimu wa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, hiki ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu Mzumbe, walikuwa wanakuja wenyewe kuagiza vitanda na kabati. Alikuwa na zamu zake karakanani Mazimbu, lakini jioni alirudi kwenye mwembe wetu, kwenye maranda yake, na kwa Bibi aliyempigia soga za Kiluguru ambazo nusu hakuzielewa na zote alizichekea.

Alikuwa na furaha. Nalisema hili wazi kwa sababu yeye hakuthubutu kulisema. Wenzake walipokuja Jumapili waliimba nyimbo za kurudi nyumbani, sauti nne, mpaka mbuzi wa jirani wakanyamaza. Baba aliimba kwa nguvu kuliko wote. Ungemwambia mtu kama huyo kwamba ameshafika, angekuona umemtukana. Wenzake wamezikwa Mazimbu, wengine wamenyongwa, wengine wako gerezani, na yeye anapaka vanishi kitanda cha mhadhiri na kuogopa mvua isimharibie mbaazi. Ni aibu gani hiyo unayoweza kumweleza mtu?

Halafu Mandela akatoka gerezani Februari 1990, na kuanzia hapo kila mgeni aliyekuja kwetu alikuja na swali moja: lini?

Tuendelee na usiku ule.

"Nani mwingine analijua hilo jina?" Mjomba aliuliza.

"Mmoja tu. Mandla. Tulivuka pamoja. Usiku wa mpakani tuliambiana, ili mmoja akifa mwingine amwambie mama yake." Baba alirudisha kipande cha mninga chini. "Alikufa 1983. Yuko makaburi ya Mazimbu. Jeneza yake nilitengeneza mimi."

"Ulimwosha?"

"Hapana. Aliletwa kutoka Dar es Salaam ameshafungwa. Wakasema tusifungue. Nilipima kwa kukumbuka urefu yake."

Mjomba aliguna. Ni mtu wa kuguna kwa maana, lakini wakati ule hakuna aliyemtilia maanani. Alikuwa na jambo lake lililomleta.

"Sawa, Nceba au Duma, mimi nitakuita shemeji. Kesho wenzako wanakabidhi Mazimbu. Mtu anayetaka kwenda kwao haombwi kubaki. Lakini watoto ni wa ukoo huu. Huyu Nomvula mwaka kesho au keshokutwa ni mwali. Atachezwa na nani huko? Nani atamfunda?" Alikuwa ananitaja mimi.

"Kwetu mtoto ni ya baba yake," Baba alisema.

"Uko Uluguru hapa."

"Najua niko wapi!"

Sikuwahi kumsikia Baba akipaza sauti kwa wakubwa. Mdogo wetu alianza kulia. Redio ya jirani ilikuwa inanguruma taarifa ya habari, na majuma matatu nyuma redio hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea habari za Boipatong: watu 45 wameuawa usiku mmoja, tarehe 17 Juni, majumbani mwao. Tangu siku ile Mama alikuwa anazima redio kila likitajwa neno Afrika Kusini.

Bibi ndiye aliyeuliza. Alikuwa hajasema neno tangu tuwashe taa.

"Mkwe wangu. Fomu za kurudi umejaza?"

Baba alitazama moto.

"Nimejaza, mama."

"Umeandika watu wangapi?"

"Watano."

Mama alisimama. Alimkabidhi Bibi mtoto, akafunga khanga vizuri kiunoni, akamsogelea Baba karibu kabisa. "Umeniandika," alisema. "Umeniandika kwenye makaratasi, mimi na wanangu, halafu unakuja kula ugali wangu umenyamaza?"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Tukiwa kwenye ndege?"

Mjomba alishika fimbo yake. Nilidhani ndiyo mwisho, kwamba asubuhi tutagawanywa kama mavuno. Lakini Bibi akapiga kigoda kwa kiganja. "Kesho tunakwenda wote Mazimbu. Nataka nione kwa macho yangu hayo makaratasi yaliyowahesabu wajukuu zangu. Nikishaona, ndipo tutaongea. Lala, kila mtu."

Hakuna aliyelala.

Alhamisi hiyo, tarehe 9 Julai 1992, tulipanda gari Sangasanga tukiwa tumebanana, Bibi mbele kwa dereva na kitenge chake cha sikukuu, sisi nyuma. Tulipita bwawa la Mindu, tukashuka Msamvu, tukaelekea Mazimbu kwa miguu na umati wa watu. Wasauzi walikuwa wanaiacha kwa serikali ya Tanzania kazi yote ya mikono yao: madarasa, hospitali, karakana, mabanda ya mifugo, nyumba zilizopangwa kwa mitaa yenye maua. Wanawake wa Morogoro waliofanya kazi jikoni kwao walikuwa wanalia waziwazi. Wengine walibeba watoto wenye majina kama yetu, na baba za watoto hao walikuwa wameshaondoka na ndege za mwanzo. Mama aliwatazama hao wanawake muda mrefu.

Baba hakwenda kwenye hotuba. Alitupeleka nyuma, kwenye chumba kilichokuwa na meza, majalada na karani kijana mwenye miwani.

"Jina?"

Baba alilisema. Lote, na mlio wake. Lilitoka rahisi kuliko usiku, nikaona mabega yake yameshuka.

Karani alipitisha kalamu kwenye orodha, akarudi juu, akashuka tena. Akamtazama Baba, akaitazama familia nzima iliyojaa mlangoni, Bibi akiwa mbele.

"Mzee, jina hili lina alama tayari."

"Alama ya nini?"

"Ya kuondoka. Huyu amesharudi kwao. Machi."

Baba alitabasamu, lile tabasamu la mtu anayemvumilia mteja aliyekosea vipimo. "Angalia vizuri, kijana. Mimi niko hapa."

Karani aliinuka, akavuta jalada kutoka kwenye sanduku, akalifungua mezani. Palikuwa na fomu. Jina la Baba, jina la ukoo wao, New Brighton, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama mzazi. Vyote sawasawa. Nyuma yake ilibanwa barua ya kurasa mbili kwa mwandiko wa wino wa bluu, herufi zimelala upande kama mabua baada ya upepo.

Baba aliona mwandiko kwanza. Mkono wake ulitangulia kabla yake, ukaigusa karatasi. Miaka 15 hakuwahi kupata barua kutoka kwao, alikuwa ametuambia hivyo mara nyingi, na alisema ni kwa sababu mama yake hakujua aliko wala anaitwaje.

"Hii ni mkono ya mama yangu," alisema. "Ameandika 'mwanangu Nceba'. Ameandikia nani?"

Karani alifunua ukurasa wa mwisho. Pale palikuwa na picha ndogo ya pasipoti, mwanamume wa makamo, mvi kidogo, kovu juu ya nyusi ya kushoto.

Bibi alisogea aone. Mjomba naye. Mama akamshika Baba kiwiko, maana alikuwa ameyumba.

"Baba Nomvula, unamjua?"

"Mandla," Baba alisema.

"Mandla yupi?"

Hakumjibu. Alitoka mle chumbani akikaribia kukimbia, akaingia karakanani, nasi tukamfuata tukiitana. Alipotokea mlango wa pili alikuwa na koleo begani. Kule uwanjani watu walikuwa wanapiga makofi. Baba aliwapita bila kugeuka, akashika njia ya makaburini.

ITAENDELEA WIKI IJAYO...