Si kila maumivu ya huko chini ni ngiri

Leo tuzungumze jambo ambalo sisi wanaume tunalikwepa hata kijiweni.

Nilipokuwa chuoni, mwenzangu wa chumbani aliamka saa nane usiku anagugumia. Korodani moja imevimba, anatapika. Nikamwambia twende hospitali, akakataa. "Hii ngiri tu bwana, kwetu kuna mzee ana dawa yake." Tulimpeleka kesho yake jioni. Korodani ilikuwa imeshakufa, ikaondolewa.

Majuzi nikaanza kufukua historia, na kumbe kosa letu ni la zamani. Mwaka 1840 daktari Mfaransa, Louis Delasiauve, aliandika habari za kijana aliyedhaniwa ana ngiri iliyobana. Kumbe ni korodani ambayo haikuwa imeshuka, na ilikuwa imejisokota. Ukiusokota mpira wa maji, maji hayapiti. Hapa kisichopita ni damu.

Mwaka 1893 Mwingereza Nash akaeleza jinsi alivyoikunjua kwa mkono bila kupasua. Mwaka 1934 Prehn akaja na kipimo chake: inua korodani, maumivu yakipungua huenda ni uambukizo, yasipopungua huenda imejisokota. Siku hizi madaktari hawakiamini kipimo hicho peke yake. Ipo ultrasaundi inayoonyesha kama damu inapita. Lakini dalili zikiwa wazi hawasubiri picha, wanapasua. Wanaikunjua, kisha wanazishona zote mbili mahali pake, maana hata ile nzima inaweza kujisokota siku nyingine.

Ndugu zangu, shida kubwa ni saa. Ukitibiwa ndani ya saa 6, mara nyingi korodani inapona. Zikipita 24, mara nyingi imeshakwenda. Vijana wa miaka 12 hadi 18 ndio hupatwa zaidi, ila hata mtu mzima hupatwa.

Kweli, yapo maumivu mengine. Kisonono na klamidia huweza kuleta uvimbe huko, na dawa yake ni antibiotiki, kwako na kwa mwenzi wako. Lakini kutofautisha ni kazi ya daktari, si yako wala ya mzee wa mizizi.

Mwaka 1840 ugonjwa huu ulikuwa haujulikani, kwa hiyo walioudhania ngiri tuwasamehe. Sisi tulikuwa na hospitali karibu, tukashindwa na aibu. Kama una mdogo wako wa kiume, umeshamwambia?