Hadithi nzima ndani ya kilobaiti 64

Wasomaji wangu, leo tuzungumzie nafasi. Mwaka 1986 huko Japani, kampuni ya Enix ilitoa Dragon Quest, mchezo wa video wa mashine ya Famicom. Katriji yake ilikuwa na kilobaiti 64 tu. Picha moja ya simu yako haienei humo! Lakini mtunzi wake, Yuji Horii, alitaka kutia ufalme, joka na binti mfalme aliyetekwa.

Hata herufi zilikula nafasi. Aliteua kama 20 hivi za katakana, na majina ya mazimwi yakatungwa kwa hizo.

Pa kuhifadhia safari ya mchezaji hapakuwepo kabisa. Ulipewa neno la siri la herufi 20, ukalinakili daftarini. Ukikosea moja tu, jasho lako limekwenda na maji.

Mwaka 1988 Dragon Quest III ikaja na betri ya kuhifadhi safari na kilobaiti 256, na bado hazikutosha. Picha ya ufunguzi ikatolewa kafara ili hadithi ipate nafasi. Likabaki jina tupu juu ya weusi.

Sisi waandishi wa programu tujiulize: katriji ikijaa, tungeanza kutoa nini?