Seli Iliyokataa Kutii

Kijana mwenzangu wa Kiseke akiniuliza seli ni kitu gani, namwambia ashuke mwaloni Kirumba akatazame. Huyu anashona nyavu, yule anabeba magunia, mama yule anapanga bei ya dagaa. Hakuna awezaye yote, na mmoja akigoma wote wanajua.

Mwili ndivyo ulivyo. Sote tulianza na seli moja tumboni mwa mama. Ikagawanyika tena na tena, na karibu kila seli ikarithi kitabu kilekile cha maagizo. Ila seli ya msuli husoma kurasa zake, ya neva zake, zilizobaki hufungwa. Na seli ikiamriwa kufa, hufa kimyakimya ili wenzake waishi.

Sasa itokee moja ikakataa! Habari za mkaidi huyo, ndugu msomaji, zina mizizi pande hizihizi za ziwa letu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland mwenye jicho moja, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Baadaye kidogo akamwona mwingine kule Jinja. Akajiuliza: jino gani hilo linaloharibu taya zote? Mwaka 1958 akaandika juu ya watoto hao. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu, wakazunguka kilomita 16,000 hivi, wakiuliza hospitali hata hospitali. Kumbe ugonjwa ulipenda nchi za joto na mvua, mlemle malaria inamojaa. Milima yenye baridi iliukosa.

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mkaidi mwenyewe ni nani? Ni chembe nyeupe ya damu, ya ukoo ule unaotengeneza kingamwili, yaani askari wetu. Malaria huichochea igawanyike mno, nacho kirusi huisaidia isife. Katika pilikapilika hizo, kromosomu mbili hukatika na kuungwa vibaya. Jeni ya kukua, ambayo hupaswa kufunguliwa kwa kipimo, inatua kwenye ukurasa wa kingamwili, ukurasa ambao askari huyu haufungi kamwe. Jambo hilo lilibainika mwaka 1982. Basi kazi yake maalumu ndiyo iliyomponza. Uvimbe waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Lakini mbio hizo ndizo udhaifu wake, kwa kuwa dawa huziua haraka seli zinazogawanyika haraka. Miaka ya 1960 Burkitt aliona watoto wakipona kwa dawa tu, bila kisu.

Sisi tunaoota kuandika riwaya hupenda adui atoke mbali. Huyu ni mtoto wa nyumbani. Kwa hiyo taya ya mtoto ikivimba, tusipoteze wiki tukitafuta mchawi wala tukimng'oa meno. Bugando ipo hapahapa Mwanza, na siku moja ina uzito.