Kicheko cha Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na wamisionari huko Kashasha, wilayani Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hakuguswa hata mmoja.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na mimi nimewahi kukisimulia hivyo. Kumbe madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, walikuta vilio vimechanganyika na vicheko, na wasichana wakipambana na kila aliyejaribu kuwashika. Kwa wengine hali hiyo ilidumu saa chache tu; kwa wengine, siku 16. Vipimo vya damu na vya maji ya uti wa mgongo havikuonyesha kitu.

Wasichana wakarudishwa makwao, na ugonjwa ukaondoka nao. Nshamba peke yake walipatwa watu 217. Baadaye wataalamu walitaja msongo wa mawazo na ukali wa maisha ya bweni. Tanganyika, wakati huo, ilikuwa na siku 52 za uhuru.

Hakuna aliyekufa. Wapo waliosema tu kwamba waliogopa: kuna mtu alikuwa anawakimbiza.