Mawasiliano ya familia za Ayalandi na jamaa walio ng'ambo

Mawasiliano ya familia za Ayalandi na jamaa walio ng'ambo ni jumla ya njia ambazo watu waliobaki katika kisiwa hicho wamezitumia, tangu karne ya 18 hadi leo, kujuliana hali na ndugu zao waliohamia Marekani, Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand. Miongoni mwazo ni barua, hawala za fedha, tiketi za meli zilizolipiwa ng'ambo, matangazo ya magazetini ya kutafuta waliopotea, vifurushi, simu na intaneti. Historia yake ina pande mbili. Barua iliyoleta fedha za kodi ya shamba iliwaokoa wazee wasifukuzwe nyumbani. Barua hiyohiyo mara nyingi ilibeba tiketi ya kumchukua mtoto aliyefuata.

Chimbuko

Uhamaji mkubwa ulianza katika karne ya 18, hasa kutoka Ulster kwenda makoloni ya Uingereza huko Amerika. Uliongezeka kupita kiasi wakati wa Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, ugonjwa wa ukungu ulipoharibu viazi, chakula kikuu cha maskini. Watu wapatao milioni moja walifariki na wengine zaidi ya milioni moja wakaondoka. Sensa ya 1841 ilihesabu zaidi ya watu milioni 8 kisiwani. Ile ya 1851 ilikuta milioni 6.5 hivi.

Njaa ilipokwisha, safari hazikukoma. Mashamba yalikuwa madogo, na desturi iliyoenea ilikuwa shamba kurithiwa na mtoto mmoja na binti mmoja kutolewa mahari na wazazi wake mwenyewe. Watoto wengine walikua wakijua kwamba siku moja zamu yao ya kuondoka itafika. Bandari ya Cobh, iliyowahi kuitwa Queenstown, inakadiriwa kusafirisha wahamiaji milioni 2.5 kati ya 1848 na 1950.

Waliorudi kuishi nyumbani katika karne ya 19 walikuwa chini ya mmoja kwa kila kumi. Ndiyo maana usiku wa kuagana uliandaliwa kama msiba na kuitwa mkesha wa Marekani. Majirani walikusanyika nyumbani kwa msafiri, wakala, wakanywa, wakacheza dansi kwa fidla hadi alfajiri, huku wanawake wazee wakiomboleza kama wanavyomlilia maiti. Kulipokucha alisindikizwa hadi mpaka uliozoeleka. Kaskazini mwa Donegal, karibu na mlima Muckish, mpaka huo ulikuwa daraja dogo la mawe ambalo mpaka leo linaitwa Daraja la Machozi: familia iliishia hapo, naye akaendelea kwa miguu kuelekea bandari ya Derry.

Barua

Mambo matatu yaliifanya barua kuwa kiungo kikuu. Mwaka 1831 serikali ilianzisha shule za taifa zilizofundisha watoto wa wakulima kusoma na kuandika Kiingereza. Mwaka 1840 gharama ya posta ndani ya Uingereza na Ayalandi ilishushwa hadi peni moja. Mwaka huohuo meli za mvuke za kampuni ya Cunard zilianza kupeleka barua Amerika kwa ratiba maalumu, safari ikichukua takriban wiki mbili. Barua ya Australia kwa meli za matanga ilichukua miezi mitatu hadi minne, hivyo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni mwa mwaka lingeweza kufika baada ya miezi sita hadi minane au zaidi.

Katika wilaya za magharibi wazazi wengi walizungumza Kiayalandi lakini hawakufundishwa kukiandika. Mama alisema kwa Kiayalandi, na mwalimu, padri au mtoto wa shule akaandika kwa Kiingereza. Barua ya kujibu nayo ilifasiriwa kwa sauti mbele ya moto, majirani wakiwa wamejaa chumbani. Mwandishi aliyekuwa Boston alijua kwamba maneno yake yatasikilizwa na kijiji kizima, akayapima.

Barua hizi zilikuwa na mpangilio ambao msomaji wa Kiswahili ataufahamu mara moja. Zilianza kwa kueleza kwamba mwandishi ni mzima kwa rehema za Mungu, hofu ni kwao waliko, kisha zikaja habari za afya, vifo, ndoa, bei ya ng'ombe na mavuno, na mwisho orodha ndefu ya wa kusalimiwa mmoja mmoja kwa jina. Jina la jirani lililosahaulika lingeweza kuleta manung'uniko.

Fedha na tiketi

Barua iliyosubiriwa kuliko zote ilikuwa ya Krismasi au ya Pasaka, ambayo ndani yake kwa kawaida mlikuwa na hundi ya benki. Taarifa za serikali ya Uingereza zilikadiria kwamba mwaka 1848 wahamiaji walituma takriban pauni 460,000, na mwaka 1852 zaidi ya pauni milioni 1.4. Mwanahistoria Arnold Schrier alikadiria kwamba kati ya 1848 na 1900 fedha kutoka Amerika zilifikia dola milioni 260, na kwamba karibu asilimia 40 ya kiasi hicho ilikuwa tiketi zilizolipiwa kabla. Kaka alimlipia dada, dada akamlipia mdogo wake. Kwa njia hiyo watu wa parokia moja walijikuta mtaa mmoja ng'ambo: wenyeji wengi wa kisiwa cha Great Blasket, Kerry, walihamia Springfield, Massachusetts, na wachache waliobaki kisiwani wakahamishiwa bara mwaka 1953.

Benki nazo zilijengwa juu ya mahitaji haya. Emigrant Industrial Savings Bank ilianzishwa New York mwaka 1850 kuhifadhi akiba za wahamiaji na kuwasaidia kutuma fedha nyumbani. Sehemu kubwa ya fedha zilizotumwa mwishoni mwa karne ya 19 ilitoka kwa wasichana wasioolewa waliofanya kazi za ndani New York, Boston na Philadelphia. Waliishi na kula kwa mwajiri, hivyo waliweza kuweka akiba zaidi kuliko kaka zao waliopanga vyumba.

Fedha hizo zililipa kodi, madeni ya dukani, mahari na ujenzi wa makanisa. Zililipia pia safari, na kwa hiyo kila hundi ilipunguza idadi ya vijana waliobaki kulima. Mtoto aliyeandika bila kutia chochote ndani ya bahasha alihofia kuonekana ameshindwa, na wapo walioacha kuandika kabisa kwa aibu hiyo.

Kutafuta waliopotea

Kukatika kwa mawasiliano kulikuwa kwa kawaida kiasi cha kuzaa ukurasa wake gazetini. Kuanzia 1831 hadi 1921 gazeti la Kikatoliki la Boston, The Pilot, lilichapisha makumi ya maelfu ya matangazo ya kutafuta jamaa. Tangazo la kawaida lilitaja jina, parokia na kaunti ya kuzaliwa, mwaka wa kuondoka, bandari, na mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho, mara nyingi kambi ya reli, mfereji au machimbo. Walioyalipia walikuwa wake waliotangulia au kufuata waume zao, ndugu, na wazazi waliobaki Ayalandi. Leo matangazo hayo ni hazina kwa wanaochunguza nasaba, kwa kuwa yanataja parokia ambazo kumbukumbu nyingine za Marekani hazikuzitaja.

Karne ya 20

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wengi walikwenda Uingereza. Takriban watu 400,000 waliihama Ayalandi katika miaka ya 1950. Feri ya kutoka Holyhead kwenda Dún Laoghaire iliwawezesha kurudi likizo ya kiangazi au Krismasi, na hawala za posta ziliingia kijijini kila wiki. Mwaka 1961 walio nje walituma takriban pauni milioni 13.5, kiasi kinachokaribia gharama ya elimu ya msingi na sekondari nchini mwaka huo.

Vifurushi vilisafiri pande zote mbili. Kutoka Marekani zilikuja nguo, na watoto wa vijijini walitambulika nazo kwa rangi zake kali zisizouzwa madukani kwao. Kutoka Ayalandi, hasa Uingereza ilipokuwa na mgao wa chakula, zilitumwa siagi na batamzinga wa Krismasi kwa posta. Kila Machi visanduku vyenye majani mabichi ya shamrock, mmea ulio nembo ya Ayalandi, vilitumwa ng'ambo ili jamaa wayavae Sikukuu ya Mtakatifu Patrick.

Simu ilichelewa. Hadi miaka ya 1970 waliotaka laini walisubiri foleni ndefu, na nyumba nyingi za mashambani hazikuwa nayo. Aliye London alipiga duka, baa au posta ya kijiji kwa saa waliyokubaliana, na mzazi akawa amekwisha fika kusubiri. Aer Lingus ilipoanza safari za kuvuka Atlantiki mwaka 1958, likizo ya kurudi kutoka Marekani ikawa jambo la kuwezekana kwa mfanyakazi wa kawaida, japo nauli ilikuwa kubwa.

Miaka ya 1980 ilileta wimbi jipya la wahamiaji, wengi wakiishi Marekani bila vibali. Kupiga simu waliweza. Kwenda kumzika mzazi hawakuweza, maana wangezuiwa kurudi Marekani. Viza za Marekani zilizojulikana kama za Donnelly na za Morrison, zilizotolewa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ziliwafungulia mlango maelfu yao.

Wamisionari

Kundi jingine la walio ng'ambo ni wamisionari: mapadri, masista na walei. Edel Quinn, mjumbe wa Lejio ya Maria (Legion of Mary), chama cha walei Wakatoliki, aliwasili Nairobi mwaka 1936, akafa huko mwaka 1944 na kuzikwa hukohuko. Mapadri wa Kiltegan, shirika lililoundwa 1932, wamefanya kazi kwa miaka mingi Turkana, Kenya. Habari zao zilifika nyumbani kwa barua na kwa majarida ya mashirika yao, ambayo yalisomwa na familia nyingi za Kikatoliki.

Sera za serikali

Rais Mary Robinson, aliyechaguliwa 1990, aliweka taa iwake daima katika dirisha la ikulu kwa ajili ya walio ng'ambo. Marekebisho ya katiba ya 1998 yaliwatambua watu wa asili ya Ayalandi waishio nje, na tangu 2004 serikali inafadhili vyama vinavyowahudumia. Mjukuu wa mtu aliyezaliwa Ayalandi anaweza kujiandikisha na kuwa raia. Hata hivyo, isipokuwa makundi machache, raia waishio nje hawapigi kura katika uchaguzi wa taifa.

Enzi ya intaneti

Msukosuko wa uchumi wa 2008 ulipowaondoa tena vijana, wengi wakienda Australia na Kanada, waliongea na wazazi kwa Skype, kisha WhatsApp. Msiba umebaki kipimo kigumu, kwa sababu mazishi ya Ayalandi kwa kawaida hufanyika ndani ya siku mbili au tatu. Tovuti ya RIP.ie, iliyoanzishwa 2005, hutangaza vifo siku hiyohiyo, na parokia nyingi zimefunga kamera kanisani. Wakati wa janga la UVIKO-19, waombolezaji walipowekewa kikomo, hata wa kijiji cha pili walifuatilia ibada kwa njia hiyo, kama jamaa wa Sydney.

Utafiti

Mwaka 1955 Tume ya Fasihi Simulizi ya Ayalandi ilikusanya kwa hojaji kumbukumbu za wazee kuhusu uhamiaji kwenda Amerika. Kerby Miller alitumia maelfu ya barua katika kitabu chake cha 1985, Emigrants and Exiles, akisisitiza kwamba wengi walijiona wamefukuzwa kwao. David Fitzpatrick, katika Oceans of Consolation cha 1994, alichambua barua 111 za Australia akaonyesha watu waliopanga, waliojadiliana na kuvutana na familia zao kuhusu nani aje na nani abaki. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Galway kilifungua hifadhi ya kidijitali ya Imirce, ambayo msingi wake ni mkusanyo wa Miller na ambayo inaendelea kupokea barua zinazohifadhiwa majumbani.