Kiswahili cha Kazi cha Lubumbashi

Wengi husema Kiswahili kililetwa Katanga na wafanyabiashara wa misafara, zama za mtawala Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891. Ni kweli, ila hoja hiyo haielezi lugha ya migodini. Shaba ya kwanza ilipomiminwa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1911, vibarua wengi walitoka nje ya Katanga, huko Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Kwa maoni yangu, kilichokieneza Kiswahili ni ajira: mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza kuwapa makazi ya kudumu, pamoja na familia zao, watu wa Kasai na Ruanda-Urundi, wenye lugha tofauti, na mbele ya shaba iliyoyeyuka onyo lazima lieleweke papo hapo. Wakoloni walikichagua, lakini walioijenga lugha hiyo ni wakazi wa makambi na watumishi wa majumbani. Mwaka 1965 André Yav, mtumishi wa zamani wa majumbani, aliitumia lugha hiyo kuandika historia ya mji wake.